Wawili Wawili, Lakini Kwanza Kimya

Wakufunzi wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Ahsanteni kwa kufika mapema; foleni ya Dar es Salaam asubuhi tunaijua.

Nimekuja na jambo moja: zoezi la wawili wawili katika mafunzo ya kazini. Wengi wetu tunalitumia kuamsha watu baada ya chakula cha mchana. "Haya, geukeni, jadilini na jirani." Ukumbi unachangamka, tunakunywa maji, tunaendelea. Likitumika hivyo ni kelele tu, na mimi nililitumia hivyo miaka mingi.

Siku moja nilifundisha usalama kazini kwenye ghala karibu na Barabara ya Nyerere. Baada ya saa mbili nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. "Tumeelewana?" "Ndiyooo!" Tukaenda kunywa chai. Nikiwa mlangoni na kikombe changu, nikamsikia kijana wa kupakia mizigo akimnong'oneza mwenzake: ule mstari wa njano anaousema mkufunzi, kule nyuma ulishafutika, foklifti inapita hapo hapo tunapopita kwa miguu. Lilikuwa jambo zito kuliko yote niliyosema asubuhi ile, na lilisemwa kwa mtu mmoja, mkononi mwake andazi. Ukumbini alikaa meneja, na pembeni yake msimamizi wa zamu. Kijana yule angeanzaje kusimama?

Frank Lyman, wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwaka 1981 aliupa utaratibu huu hatua tatu: fikiri peke yako, ongea na mwenzako, kisha toeni kwa wote. Sisi tumechukua ya pili, ya kwanza tumeitupa. Mmarekani mwingine, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe, alichunguza madarasa akakuta mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu. Akivumilia hadi 3, majibu yanakuwa marefu na wanaojitolea kujibu wanaongezeka. Basi gawa karatasi, toa dakika 2, kila mtu aandike. Kimya hicho kitakuelemea wewe mkufunzi. Kivumilie. Mtu akishaandika, hata akipangwa na msemaji hodari, ana chake mkononi.

Sasa umri. Ukimkalisha kijana wa miaka 23 na mzee mwenye miaka 30 kazini, zoezi linaanza na shikamoo, marahaba, na mara nyingi linaishia hapo. Mzee anaongea, kijana anaitikia, "Ni kweli, mzee." Adabu hiyo naipenda, sitaki ife. Ninachofanya ni kumpa kijana kitu ambacho mzee hana. Wanakaa mgongo kwa mgongo. Kijana ana mchoro wa mizigo ilivyopangwa kwenye lori, mzee ana penseli na karatasi tupu. Mmoja aeleze, mwingine achore, hakuna kugeuka. Haupiti muda mzee anauliza, "Kulia kwa dereva, au kulia kwa anayepakia akiwa nyuma?" Hapo ndipo ninapowasogelea nisikie vizuri, maana swali la namna hiyo likikosa kuulizwa pale ghalani, mzigo unadondoka. Mzee ameuliza, kijana amejibu, na hakuna aliyevunjiwa heshima, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyowapanga. Kisha wanabadilishana, kwa mchoro mwingine.

Msimweke mtu na bosi wake wa moja kwa moja. Idadi ikiwa witiri, wawepo watatu mahali pamoja, mmoja awe mtazamaji. Usijiingize wewe, una kazi ya kuzunguka na kusikiliza.

Wakati wa kutoa kwa wote, wawili wakubaliane kwanza lipi litoke na lipi libaki kati yao. Hili msiliruke, imani ikivunjika hapo hairudi siku hiyo. Halafu mmoja aseme kwa niaba ya wote wawili. Kijana wa ghala asingeweza kusimama mbele ya meneja akasema "mimi nimeona mstari umefutika." Lakini "sisi tumeona" angeweza, tena hata kwa kinywa cha mwenzake.

Karatasi ziko chini ya viti vyenu. Andikeni jambo moja ambalo mnadhani wafanyakazi mnaowafundisha hawajawahi kulisema mbele ya bosi. Dakika 2, kimya. Kisha kila mmoja amgeukie mtu ambaye hakuja naye, na mwenye umri mdogo ndiye aanze.