Vigunduzi Kumi katika Chumba cha Mita Nne kwa Tano

Hamjambo nyote. Chumba tunachokizungumzia leo kina mita nne kwa tano, dari la mita tatu, na kuta za zege. Ndani yake tuna vigunduzi kumi vya sintileta ya kioevu, yaani kioevu kinachomulika kikigongwa na chembe, kila kimoja na kipenyo cha sm 12.7 na unene wa sm 5, pamoja na shabaha, kipande kinachopigwa na mwale wa chembe na kutoa nyutroni za MeV 2.5 (MeV ni kipimo cha nishati). Kishawishi cha kwanza ni kuvisogeza vyote karibu, sm 40 kutoka kwenye shabaha, tuvune nyutroni nyingi. Hesabu inakataa, nami nataka tuifanye pamoja.

Kigunduzi kilichokaa mita 1 hupokea takriban nyutroni moja kwa kila elfu zinazotoka kwenye shabaha. Kwa sm 40 kinapokea karibu mara sita ya hapo, na hilo linavutia. Lakini nishati ya nyutroni tunaisoma kutokana na muda wake wa safari, na hatujui imegonga wapi ndani ya zile sm 5 za kioevu. Sm 5 katika sm 40 ni asilimia 12.5 ya njia, na kwa kuwa nishati hufuata mraba wa mwendo, kosa linakuwa asilimia 25. Kwa mita 1 linashuka hadi asilimia 10. Sasa tazameni saa: nyutroni hii hutumia nanosekunde 46 kwa mita moja, hivyo kosa la nanosekunde moja ni kama asilimia 4 tu ya nishati. Anayenunua elektroniki za bei kali huku amebakisha kioevu kinene na njia fupi ametibu mguu usiouma. Kwa nyutroni za MeV 14 kosa la saa hulingana na la kioevu, maana hizo humaliza mita kwa nanosekunde 19 na ushei.

Basi tuchague mita 1, shabaha iwe katikati ya chumba, mita 1.5 juu ya sakafu. Nyuma ya kioevu acheni sm 30 hivi za tyubu ya kukuza mwanga na mkunjo wa kebo. Mkunjo huo husahauliwa kwenye mchoro kila mara. Bado mtabaki na upenyo wa kupita mtu, na ukuta ulio karibu zaidi utakuwa takriban mita 1 nyuma ya kioevu.

Huo umbali wa ukuta ndio wa kuupigania. Nyutroni ikipita kigunduzi, ikadunda ukutani na kurudi, imesafiri mita 3 badala ya 1. Inafika kwenye nanosekunde 137 au baadaye, mbali kabisa na kilele chetu cha 46. Kama mngesukuma shabaha pembeni hadi ukuta ukae sm 40 tu nyuma ya kigunduzi, ingefika kwenye nanosekunde 82, na programu ingeiandika kuwa nyutroni ya MeV 0.77. Namna ya kuinasa ipo: msiangalie muda peke yake, tazameni na ukubwa wa mpigo wa umeme unaotoka kwenye kigunduzi. Nyutroni ya kweli ya MeV 0.77 haiwezi kumpa protoni zaidi ya nishati hiyo. Mpigo ukizidi hapo, mgeni huyo ametokea ukutani. Mipigo midogo itawaponyoka, kwa hiyo ukuta wa mbali bado ni bora kuliko programu ya werevu.

Tatizo la pili ni majirani. Nyutroni hugonga protoni katika kigunduzi kimoja, ikapinda na kuingia cha pili, nanyi mkahesabu mbili. Acheni pengo la angalau kipenyo kimoja, kisha pandisheni kimoja juu kidogo na kinachofuata kishusheni chini. Kupima tatizo hili, tumieni chanzo cha Am-Be (mchanganyiko wa americiamu na beriliamu), chenye kibali cha mamlaka ya udhibiti, kwa sababu karibu kila mmenyuko wake hutoa nyutroni moja tu. Vigunduzi viwili vikilia pamoja, na umbo la mpigo likithibitisha kuwa vyote viwili vimeona nyutroni wala si mwale wa gama, sehemu kubwa ya jozi hizo ni mrukio, yaani nyutroni moja iliyoruka kutoka kigunduzi kimoja hadi kingine. Cf-252 (kaliforniamu) haifai hapa: kila mpasuko wake hutoa wastani wa nyutroni 3.76, na jozi nyingi ni za kweli.

Stendi nazo ni sehemu ya jaribio. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, watawachomelea meza imara ya chuma kwa siku moja, lakini chuma kinene karibu na kioevu hutawanya nyutroni, na mbao zina haidrojeni tele. Waagizeni mabomba membamba ya alumini. Na futi ya kupimia iishie katikati ya kioevu, si kwenye uso wa kopo.

Kabla ya kuwasha chochote, hesabuni usiku kucha bila mwale. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya kuzuia nyutroni za angani ni pungufu kuliko ya Mombasa, huku uga wa sumaku wa Dunia hapa karibu na ikweta ukifukuza sehemu ya miale hiyo. Jedwali la nyutroni za angani lililopimwa Ulaya halitawafaa.

Naona mkono kule nyuma. Anauliza kama tofali za risasi kati ya vigunduzi zingemaliza mrukio. Hapana. Risasi huzuia gama, lakini nyutroni ya kasi hupinda humo na kutoka na karibu nishati yake yote, pengine ikielekea kwa jirani yuleyule. Tumieni polithini yenye boroni. Ile tupu hupunguza mwendo vizuri, ila haidrojeni yake ikimeza nyutroni hutoa gama ya MeV 2.2, wakati ya boroni ni MeV 0.48 tu. Kipande cha sm 10 kinatosha kuanzia, mradi kisikatize mstari kati ya shabaha na kioevu chochote. Nyosheni uzi kutoka kwenye shabaha hadi kila ukingo wa kioevu, muone kama unagusa polithini.