C. S. Lewis: Mbona Hachuji?

BARAKA: Karibu tena msikilizaji. Upande huu ni Baraka, na mwenzangu kama kawaida ni dada Mwanaidi. Leo tuna mtu mmoja tu mezani: Clive Staples Lewis, yule mwandishi wa vitabu vya watoto kuhusu Narnia, nchi ya kubuni.

MWANAIDI: Ambaye nyumbani kwao hakuna aliyemwita Clive.

BARAKA: Alilikataa mwenyewe. Alikuwa bado mtoto mdogo, gari likamgonga mbwa aliyeitwa Jacksie, basi naye akatangaza kwamba kuanzia leo mimi ni Jacksie. Ikabaki Jack mpaka anaingia kaburini.

MWANAIDI: Sasa kaka Baraka, nikuchokoze kidogo. Wewe Mkristo kumpenda Lewis si ajabu. Mimi mtoto wa Kiislamu wa Tanga, nilikisoma kile cha simba na kabati, The Lion, the Witch and the Wardrobe, nikiwa sekondari, wala sikushtuka kwamba kuna Yesu mle ndani. Nilimlilia tu simba Aslan, anayekufa badala ya mtoto na kufufuka. Kama vitabu hivi ni mahubiri, mbona vilinipata mimi?

BARAKA: Kwa sababu havikuanza kama mahubiri. Ameeleza mwenyewe kwamba akiwa na miaka 16 ilimwingia picha kichwani: kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, kashika mwavuli na vifurushi, anakatiza msituni kwenye theluji. Akaishi na picha hiyo. Alipofika kama miaka 40 ndipo akasema, hebu niitungie hadithi. Na simba hakuwapo! Alikuja baadaye, kipindi ambacho Lewis alikuwa akiota simba usiku, na alipoingia akaikokota hadithi nzima nyuma yake.

MWANAIDI: Kwa hiyo yule mwandishi aliyekaa chini akapanga "watoto niwafundisheje dini"...

BARAKA: Hayupo. Alilikana hilo waziwazi.

MWANAIDI: Haya, turudi Belfast.

BARAKA: Belfast, tarehe 29 Novemba 1898. Baba, Albert, ni wakili. Mama, Flora, ni binti wa mchungaji, na kasomea hisabati chuoni enzi ambazo wanawake wa namna hiyo walikuwa wa kuhesabu. Nyumba imejaa vitabu. Jack na kaka yake Warren wanajifungia juu darini wanatunga nchi ya wanyama wanaovaa nguo na kufanya siasa. Halafu mama anaugua saratani. Anafariki tarehe 23 Agosti 1908, siku ya kuzaliwa ya mumewe. Jack ana miaka tisa.

MWANAIDI: Na alikuwa anaomba.

BARAKA: Alikuwa anaomba mama apone. Mwezi uliofuata akapandishwa meli na kaka yake kwenda shule ya bweni huko Watford, Uingereza. Mwalimu mkuu wa pale alikuwa mtu wa fimbo kupita kiasi. Shule ilifungwa mwaka 1910, na mwalimu mwenyewe akathibitishwa kuwa na ugonjwa wa akili.

MWANAIDI: Naomba nikae hapo kwa mama kidogo. Kuna The Magician's Nephew, cha mwaka 1955. Mtoto Digory, mama yake yuko kitandani anakufa. Digory anajikuta Narnia siku inapoumbwa, na anamwomba Aslan dawa ya mama. Muda wote anatazama makucha ya simba, anaogopa. Anapoinua macho anakuta simba naye analia, machozi makubwa kuliko ya kwake, hadi Digory anahisi huyu ndiye mwenye uchungu zaidi juu ya mama yangu.

BARAKA: Na dawa hapewi.

MWANAIDI: Hapewi! Anatumwa kwanza kuchuma tufaha kwenye bustani ya mbali, alilete. Kule bustanini anamkuta malkia mmoja mchawi, anamwambia: wewe mjinga, chuma lako, kimbia nyumbani, mama atapona leo leo. Mtoto anatetemeka, lakini analipeleka tufaha lilikotakiwa. Ndipo Aslan anamweleza kwamba lile la wizi lingemponya kweli, ila ingefika siku wote wawili wangetamani bora angekufa. Kisha anampa jingine, la halali. Mama anakula, analala, anapona. Mimi nilisoma haya kabla sijajua habari za Flora. Nilipojua, nikaona mtu mzima wa miaka hamsini na kitu bado anamtafutia mama yake dawa.

BARAKA: Na ndicho kitabu kilichomsumbua kuliko vyote vya Narnia. Alikianza mapema, akakiacha, akakirudia. Sasa baada ya msiba ule, imani ikamtoka. Anafika ujana hamwamini Mungu kabisa. Siku anayotimiza miaka 19, mwaka 1917, anaingia kwenye mahandaki ya vita Ufaransa. Aprili iliyofuata anajeruhiwa na kombora la Waingereza wenyewe, lililodondoka kabla ya kufika kwa adui.

MWANAIDI: Na rafiki yake akafa.

BARAKA: Paddy Moore. Walikuwa wameahidiana: atakayebaki amtunze mzazi wa mwenzake. Lewis alimchukua mama yake Paddy na kumtunza mpaka alipofariki mwaka 1951. Watu wa wasifu wamelizungumza sana hilo kwa namna zao, mimi sitaki kuingia huko.

MWANAIDI: Usiingie. Twende Oxford.

BARAKA: Anaanza kufundisha chuo cha Magdalen mwaka 1925, fasihi ya Kiingereza. Anakutana na Tolkien, Mkatoliki, yule aliyekuja kuandika The Lord of the Rings. Wanasomeana kazi zao na wenzao, Alhamisi jioni chumbani kwa Lewis, Jumanne mchana baa ya Eagle and Child. Usiku mmoja wa Septemba 1931, Lewis, Tolkien na rafiki yao Hugo Dyson wanatembea na kubishana hadi saa tisa usiku: kama ngano za kale za miungu wanaokufa na kufufuka zinakugusa, kwa nini hii ya Injili isikuguse, nayo ilitokea kweli? Siku chache baadaye Warren anampakia kwenye pikipiki yake, kile kiti cha pembeni chenye gurudumu lake, wanakwenda bustani ya wanyama ya Whipsnade. Anasema walipoondoka alikuwa haamini kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Walipofika alikuwa anaamini.

MWANAIDI: Bila mhubiri, bila kwaya. Pikipiki tu.

BARAKA: Vita vya pili, BBC wanamwita azungumze redioni kuanzia 1941, dakika chache chache, watu wako gizani kwa hofu ya mabomu. Mazungumzo yale ndiyo yaliyokuja kuwa Mere Christianity mwaka 1952. Ile hoja unayoisikia kwenye mikutano ya injili, kwamba aliyesema maneno aliyoyasema Yesu ni ama mwendawazimu, ama mwongo, ama kweli ni Bwana, imepata umaarufu kupitia kwake. Wahubiri wanaitumia bila hata kumtaja.

MWANAIDI: Nasi Waislamu tuna jibu la nne, Nabii Isa. Hilo hakuliweka kwenye orodha.

BARAKA: Hakuliweka. Alikuwa anajibizana na Waingereza waliosema Yesu ni mwalimu mwema basi.

MWANAIDI: Sawa, lakini ukiitoa hoja pale ukaileta kwetu Pwani, haitembei vilevile. Wahubiri wako uwaambie.

BARAKA: Nitawafikishia. The Screwtape Letters unakijua? Shetani mzee anamwandikia mpwa wake barua 31 za kumfundisha kupotosha watu. Zilitoka kwanza gazetini, na malipo yake Lewis akaagiza yapelekwe kwa wajane wa wachungaji. Akaendelea kugawa pesa za vitabu hivyo hivyo, akisahau kwamba kodi inamhusu yeye. Serikali ikaja na dai! Rafiki yake Owen Barfield, wakili, akamfungulia mfuko wa sadaka ili agawe kwa utaratibu.

MWANAIDI: Huyo nimempenda zaidi. Tuje kwenye kabati lenyewe, lile la kuingilia Narnia, kitabu cha 1950. Watoto wanne wametolewa London kwa sababu ya mashambulizi ya ndege. Edmund anawasaliti ndugu zake kwa nini? Kwa peremende za Kituruki, laini, zinazofanana na halua yetu. Nilikuwa namdharau Edmund, mpaka nilipojua kwamba kitabu kinatoka, peremende Uingereza bado ni za mgawo. Mgawo ulikuja kwisha Februari 1953. Mtoto aliyekisoma mwaka ule alimwelewa Edmund vizuri mno.

BARAKA: Tolkien ndiye hakukielewa. Aliona ni mchanganyiko ovyo: viumbe wa Kiyunani, halafu anatokea Baba Krismasi!

MWANAIDI: Kwa hilo la Baba Krismasi nipo na Tolkien. Lakini mimi kesi yangu kubwa ni Calormen. The Horse and His Boy, cha 1954. Nchi ya kusini, jangwa, watu weusi weusi wenye vilemba, ndevu na majambia, watumwa, mungu wao Tash wa kutisha. Baraka, hao ni nani?

BARAKA: Ni sisi... yaani, ni ninyi.

MWANAIDI: Ni babu yangu kwenye picha ya harusi! Kilemba, kanzu, jambia kiunoni. Sitaki kuambiwa kwamba ni nchi ya kubuni. Mzungu wa enzi zile alikuwa na kabati lake la picha za Mashariki, na Lewis alilifungua akachukua. Ni kosa, na linaumiza kusoma.

BARAKA: Sikubishii. Ingawa Aravis ni wa Calormen, jasiri kuliko wote kwenye kitabu kile, na anaishia kuwa malkia.

MWANAIDI: Baada ya kuhama kwao. Utetezi wenye nguvu zaidi uko kwenye The Last Battle, cha mwisho. Kuna askari kijana wa Calormen, Emeth. Maisha yake yote kamtumikia Tash kwa moyo safi. Anakutana na Aslan, anajua amekwisha. Anaungama: mimi si wako, ni mtumishi wa Tash. Na simba anamjibu kwamba utumishi wote ulioufanya kwa Tash nauhesabu umefanywa kwangu. Kwamba mtu akila kiapo kwa Tash na kukitimiza kwa ajili ya haki, kwa kweli ameapa kwangu. Na akitenda ukatili kwa jina langu, anamtumikia Tash.

BARAKA: Hapo Wakristo wengi wanamkasirikia. Wanasema kafungua mlango mpana mno.

MWANAIDI: Nami simshukuru moja kwa moja, maana bado Tash ni pepo na dini ya yule kijana ni bure. Lakini mwandishi wa mahubiri angemwacha Emeth nje. Huyu alimwona.

BARAKA: Kwa ufupi, Joy Davidman: mshairi wa Marekani, wanafunga ndoa ya serikali mwaka 1956 ili aruhusiwe kubaki Uingereza, saratani inagunduliwa, wanafunga ya kanisa Machi 1957 kando ya kitanda cha hospitali. Anafariki Julai 1960. Lewis anaandika A Grief Observed kwa jina la bandia, N. W. Clerk, na mle anamlalamikia Mungu kama mtu aliyebisha hodi akasikia komeo linafungwa kwa ndani.

MWANAIDI: Saratani tena. Mara ya pili.

BARAKA: Naye akafa tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Kennedy, kwa hiyo magazeti hayakuwa na nafasi naye. Leo Narnia imeuza nakala zaidi ya milioni 100, filamu ya 2005 iliingiza zaidi ya dola milioni 700, na mwaka 2013 akawekewa jiwe la kumbukumbu Westminster Abbey, lile kanisa mashuhuri la London. Sasa msikilizaji anayeanza aanze wapi? Matoleo ya siku hizi yanaanza na The Magician's Nephew.

MWANAIDI: Asithubutu! Aanze na kabati. Ukishaambiwa Narnia ilivyoumbwa, ile taa wanayoikuta watoto msituni kwenye theluji haikushangazi tena.

BARAKA: Lakini mvulana mmoja wa Marekani alimwandikia mwaka 1957 akitetea mpangilio wa matukio, na Lewis akamjibu kwamba anakubaliana naye.

MWANAIDI: Malizia barua, Baraka.

BARAKA: ...Akaongeza kwamba pengine utaratibu wenyewe hauna uzito sana.

MWANAIDI: Basi. Aanze na kabati.