Mfuko wa Maji Uje na Mtoto

Wazazi, wauguzi na madaktari mlioitikia mwito, kazi ya figo mnaijua, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo ninalolisema kila nipewapo nafasi: maji yatokayo tumboni mwa mtoto wa dayalisisi ya tumboni (ile ya kutia maji tumboni kwa mrija ili yasafishe damu, kisha kuyatoa kwenye mfuko) yakiwa na ukungu, mtoto huyo aletwe hospitali siku hiyo hiyo, na mfuko wa maji uje naye.

Maji mazuri ni angavu, yana umanjano hafifu. Uwekeni mfuko juu ya gazeti. Maandishi yasiposomeka, chukulieni kwamba utando wa tumbo, ule uchujao damu, umeambukizwa mpaka maabara iseme vingine. Najua mtaniambia kwamba mtoto hana homa, anacheza, na heri kungoja hadi msongamano wa feri upungue. Homa si lazima itangulie, na maambukizi yakicheleweshwa utando huweza kupata makovu, usiweze tena kusafisha damu. Wako pia wanaoyamwaga maji hayo chooni kwa kuona haya kupanda matatu na mfuko. Nawasihi msiyamwage, kwani humo ndimo zinamohesabiwa chembe nyeupe: zikizidi 100 katika maikrolita moja, na angalau nusu yake zikiwa neutrofili, yaani chembe nyeupe za kupambana na vijidudu, jibu limepatikana: ni maambukizi. Vijidudu navyo huoteshwa ili ijulikane dawa ya kuviua, ingawa matibabu hayangoji majibu hayo. Mama mmoja wa Likoni alivuka na mfuko wake ndani ya kikapu cha ukindu, ameufunika kwa leso, na hakuna aliyemtazama mara mbili.

Kwa joto letu hili la Mombasa, plasta iliyolowa jasho ibadilishwe, na tundu la mrija likiwa jekundu au likitoa usaha, hiyo nayo ni safari ya hospitali.

Maji yasipotoka, ulizeni kwanza mtoto alikwenda haja kubwa lini, kwa maana utumbo uliojaa huubana mrija au kuusogeza, na dawa ya kulainisha choo huenda ikamwepusha na kisu. Utando wa mafuta wa tumboni nao hupenda kuuzonga mrija wa mtoto, ndiyo maana wapasuaji wengi huukata kabisa utando huo wanapouweka mrija. Ngiri nawaachia wao wakati wa maswali. Kuhusu maji kuvuja kando ya mrija, mrija mpya upumzishwe wiki 2 ikiwezekana. Mtoto asiyeweza kungoja aanzishwe dayalisisi kwa maji kidogo, akiwa amelala chali.