Mwacheni Mkwe Amalize Sentensi Yake

Mhadhara uliotolewa Mtwara, Siku ya Kiswahili Duniani

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo, hamjambo. Leo ni 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wengine watawaeleza jinsi Kiswahili kinavyosafiri kwenda ughaibuni. Mimi nimekifundisha shuleni hadi nikastaafu, na leo nitamzungumzia mtu mmoja aliyeingia nyumbani kwangu bila kukijua.

Mkamwana wangu ni wa Nampula, Msumbiji. Alivuka Ruvuma pale Mtambaswala kwa Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010. Mita 720 tu, basi umeshabadilisha nchi. Kwao alikuwa fundi cherehani mwenye wateja wake, mtu anayesema neno likasikilizwa. Alipofika Mtwara akawa hawezi kununua fungu la dagaa bila mumewe.

Hapo naomba tukae kidogo, maana sisi wenyeji hatulioni. Mtu mzima akikosa lugha, watu humgeuza mtoto. Tulimzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Akiulizwa ameamkaje, mwanangu ndiye anayejibu. Akikwama kwenye neno, sote tunamrukia na kulimalizia, tukiamini tunamsaidia. Miezi minne ikapita, kinywani mwake mna "ndiyo" na "asante", basi.

Na mimi mwalimu nikaongeza kosa langu. Nilimfundisha kupitia Kireno, kamusi mkononi, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya nchi yake. Siku moja wifi yangu akaja kututembelea kutoka Masasi, akamsalimu kwa Kimakua. Jamani, binti yule aliongea mpaka usiku! Nami nikiwa pembeni nikasikia mutthu, atthu. Mtu, watu! Ngeli nilizokuwa nahangaika kumchorea kwenye daftari alikuwa nazo tangu utotoni. Tangu siku hiyo tukapita njia ya Kimakua, na hata Kireno kikapata kazi yake, maana meza, bendera, foronya na karata ni maneno ya Wareno yaliyokaa pwani yetu muda mrefu. Alifurahi kuyakuta huku yamekwisha kujifunga kanga.

Yapo magumu ambayo sarufi haiyafikii. Aliambiwa afike zahanati saa mbili. Kwao saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa mbili yao ya mchana ni saa nane yetu. Alifika watu wameshaondoka, akarudi analia. Lakini neno lililomsumbua kuliko yote ni "pole". Akitua ndoo, pole. Akitoka shamba, pole. Akaniuliza, "Mama, wamenikosea nini?" Alidhani watu wanamwomba radhi. Ilibidi nimweleze kwamba pole ni kumwambia mwenzio kuwa nimeuona mzigo wako, hata kama si mimi niliyekutwisha. Jirani alipofiwa, mkwe wangu aliingia, akakaa mkekani na kina mama, akasema, "Poleni na msiba." Hakuna aliyemsukuma. Mimi nilishindwa kuzuia machozi, na hayakuwa ya msiba peke yake.

Mambo ya vibali sitayagusa, Uhamiaji wapo. Ninalowaomba ni la nyumbani. Sisi tulikubaliana kwamba mume asiende naye sokoni. Haikuwa rahisi, mwanangu aliona kama anamtelekeza mkewe. Akawa anakwenda na mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye humsahihisha bila kumcheka. Siku moja akasema, "Nataka ming'oko nzuri." Mama muuzaji akamjibu, "Mizuri, wifi," akampimia, akamwongezea mmoja. Wifi! Alirudi akilirudia neno hilo kuliko hata ile "mizuri".

Pale mezani tukajiwekea sharti: akikwama, tunasubiri. Kimya kile kinauma, hasa kwetu wenye maneno mengi. Lakini akilipata neno mwenyewe, halimtoki tena.

Nimesema ya kutosha juu ya mtu ambaye ana mdomo wake. Yupo pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Maswali yaliyobaki muulizeni yeye, naye atajibu kwa Kiswahili. Atasimama kidogo katikati akitafuta neno. Msubirini.