Tulipotoka Getini: Sayansi za Jamii Mlimani tangu 1965

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wangu, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa kwanza mliobanana huko nyuma kama vile viti vya mbele vinauma: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie hatua kubwa ambazo sayansi za jamii zimepiga katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nikaletewa na orodha, na ni nzuri. Chuo kufunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Kuhamia hapa Mlimani 1964, mwaka ambao Kitivo cha Sanaa na Sayansi za Jamii kilianza. Kuachana na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki na kuwa chuo kamili cha taifa Julai 1970. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo 1973. Vitivo kugeuzwa ndaki, yaani ‘college’. Maktaba mpya ya 2018, yenye nafasi ya kukaa watu 2,100 kwa mpigo.

Basi, orodha nimeisoma, na sitairudia. Majengo yana vibao vyake vya uzinduzi, kila mwenye macho atavisoma akienda kutafuta kimbweta cha kusomea. Mimi nataka tuhesabu kwa kipimo kingine: ni lini tulitoka getini tukaenda kuwauliza watu jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua, na wale tuliowauliza walipata nini.

Kwa kipimo hicho naanza na Septemba 1965.

Nchi ilikuwa imeingia kwenye mfumo wa chama kimoja. Wengi walitegemea uchaguzi wa kupigiana makofi. Kumbe ukabuniwa utaratibu wa ajabu kidogo: kila jimbo, kati ya majimbo 107, lingeweza kuwa na wagombea wawili, wote wa TANU, wakishindana. Fedha binafsi marufuku. Mikutano inaandaliwa na chama, wagombea wote wawili wanapanda jukwaa moja. Marufuku kuomba kura kwa kabila, dini au rangi, na marufuku kuhutubia kwa lugha nyingine isipokuwa Kiswahili. Na kwa kuwa wapiga kura wengi hawakujua kusoma, mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake nyumba.

Hapo ndipo walimu wa chuo changa kabisa, wengi wao wageni kutoka Ulaya na Marekani, wakiongozwa na Lionel Cliffe, walipojigawa na kwenda majimboni kutazama. Hawakungoja matokeo yatangazwe redioni. Walikaa mikutanoni, wakasikiliza wagombea wakigombana kuhusu zile alama: mwenye jembe anasema bila jembe hakuna chakula, mwenye nyumba anajibu kwamba hata mkulima jioni hurudi nyumbani. Mnacheka, lakini wagombea waliamini kabisa kwamba alama inaweza kumpandisha au kumwangusha mtu, na watafiti wakalichukua jambo hilo kwa uzito wake. Huo ndio ufundi wenyewe. Mtu anayeona jambo la jembe na nyumba kuwa utani wa vijijini asisomee sayansi ya siasa, aende akasome kitu kingine.

Matokeo mnayajua, au mngepaswa kuyajua. Mawaziri walianguka, akiwemo Waziri wa Fedha, Paul Bomani. Chama ni kimoja, sera ni moja, Rais ni mmoja, na bado mwananchi amemtoa waziri. (Mwalimu Nyerere alimrudisha Bomani bungeni kwa kumteua, akampa wizara nyingine. Hilo nalo ni somo, ila tutamaliza muda.) Utafiti ule ulionyesha kwamba wapiga kura waliutumia vizuri ule upenyo mdogo waliopewa: walimpima mbunge kwa mambo ya kwao. Kitabu kikatoka 1967, na kikaanzisha desturi. Uchaguzi wa 1970 ukawa na kitabu chake kilichoandikwa na kamati ya chuo, wa 1985 pia, wa 1990 pia. Si idara nyingi za siasa barani zinazoweza kuonyesha mfululizo wa namna hiyo, uchaguzi baada ya uchaguzi, chini ya chama kimoja na baadaye vyama vingi. Ukiniuliza fahari ya Idara ya Sayansi ya Siasa iko wapi, nitakupeleka kwenye rafu hiyo kabla sijakuonyesha picha za maprofesa.

Sasa 1966, kwa sababu inawahusu ninyi moja kwa moja. Nani hapa hajawahi kulalamikia DS, yaani Taaluma za Maendeleo? Sioni mkono. Kozi hiyo mnayosoma nyote, mhandisi na mwanasheria, mnayoiogopa isije ikawadisko, yaani ikawafukuzisha chuo, imezaliwa na ugomvi. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hiki waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa: miaka miwili, sehemu kambini, sehemu kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Bango moja likadiriki kusema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya mia tatu wakarudishwa kwao.

Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye likaja Azimio la Arusha. Machi 1967 chuo kikaitisha mkutano kujiuliza nafasi yake katika nchi ya kijamaa, na moja ya matunda yake ni kozi ya pamoja kwa kila mwanafunzi, ambayo baada ya mabadiliko mengi ndiyo DS ya leo. Mimi naisifu nia yake na nalaumu ilivyoishia. Nia ilikuwa kwamba daktari na mhandisi wajue wanaishi katika jamii gani. Ilivyoishia ni vitini vinavyouzwa kwenye vibanda vya fotokopi, na orodha ya nadharia za kukariri usiku wa kuamkia UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Wanafunzi wenyewe wa wakati ule waliona hatari hiyo mapema. Ndiyo maana wale wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, ambao mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda aitwaye Yoweri Museveni, waliendesha madarasa yao ya Jumapili, na Novemba 1969 wakaanza jarida la Cheche. Humo ndimo Issa Shivji, kijana bado, alipochapisha uchambuzi wake wa matabaka katika Tanzania. Mwaka mmoja tu baadaye serikali ikaipiga marufuku USARF na jarida lake. Huo nao ni mwaka wa kuwekwa kwenye orodha ya hatua, ingawa hakuna atakayeuzindulia jengo.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye 1968.

Wakati ule historia ilikuwa kitivo kimoja na siasa na sosholojia, na mipaka kati yao haikuwa na seng'enge kama sasa. Wanafunzi wa historia, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, walitumwa kwenye wilaya zilizopigana Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wakawahoji wazee. Hebu pigeni hesabu. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Wajerumani walipomnyonga Kinjikitile Ngwale, kiongozi wa kiroho wa vita hivyo, pale Mohoro, mwaka 1968 alikuwa na miaka sabini na mitatu. Wangechelewa miaka kumi na mitano, wasingemkuta mtu. Kabla ya hapo vita hivyo vilijulikana zaidi kwa maandishi ya waliovishinda: maofisa, wamisionari. Wanafunzi wa umri wenu, wasio na shahada, wakarudi na simulizi za upande wa pili. Mkusanyo wa kazi zao ulitolewa 1969.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizopigwa na kitivo kile, na inanisumbua vilevile. Mzee alisimulia kwa Kiswahili, au kwa Kimatumbi, au kwa Kingoni. Kazi ikaandikwa kwa Kiingereza. Ikahifadhiwa Dar es Salaam, ikanukuliwa Oxford na Berlin. Mjukuu wa yule mzee, akitaka kujua babu yake alisema nini, aanzie wapi?

Kuna mtu mmoja tu, naona, aliyempa jibu upesi, na hakuwa mwanasayansi ya jamii. Mwaka uleule wa 1969 Ebrahim Hussein, aliyesomea sanaa za maonyesho hapahapa, alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile, kwa Kiswahili. Imesomwa shuleni vizazi kwa vizazi. Tukubaliane tu kwamba Watanzania waliomjua Kinjikitile kwa tamthilia ni wengi mno kuliko waliomjua kwa tasnifu.

Jambo hilo lilimkera pia Profesa Chachage Seithy Chachage, aliyefundisha sosholojia hapa na kuongoza jumuiya ya wanataaluma hadi kifo chake Julai 2006. Chachage aliandika makala za kitaaluma kwa Kiingereza kama wenzake wote, tena nyingi. Lakini alipotaka kuzungumza na watu kuhusu soko huria, mradi wa kufuga kambamiti katika delta ya Rufiji, na watu wanaouza nchi kwa tabasamu, alikwenda kwenye riwaya ya Kiswahili. Wapo waliosema anapoteza muda wa utafiti. Mimi nasema alikuwa anamalizia utafiti.

Miaka ya themanini na tisini nitaipita haraka, si kwa sababu haikuwa na mambo. Mshahara wa mhadhiri ulikuwa haumfikishi nusu ya mwezi, watu wakafuga kuku nyuma ya nyumba za chuo, na waliochoka kuku wakageukia ushauri elekezi. Kazi ya ushauri huja na swali limeshaandikwa na mwenye fedha. Unakwenda kijijini wiki moja na dodoso la kurasa kumi na mbili, unarudi, unaandika ripoti, anasoma aliyelipa. Sina ugomvi na mtu kulisha familia. Nina ugomvi na idara inapoweka ripoti hizo kwenye taarifa ya mwaka chini ya kichwa cha mafanikio.

REDET, mpango wa Utafiti na Elimu ya Demokrasia Tanzania, ni habari nyingine. Ilianzishwa na Idara ya Sayansi ya Siasa mwaka 1992, vyama vingi viliporejea, na baadaye ikawa inatoa kura za maoni ambazo nchi nzima ilizisubiri. Mwaka 2010 kura yake ya maoni ilimpa Rais Kikwete zaidi ya asilimia 70 na mpinzani wake wa CHADEMA, Dk. Slaa, kama 12. Matokeo rasmi yakaja: Kikwete kama 62, Slaa zaidi ya robo ya kura zote. Magazeti yalisema mengi. Kwa maoni yangu, kosa la kulichunguza haliko kwenye hesabu za sampuli, liko mlangoni. Fuateni safari ya dodoso. Barua ya kibali inatoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, na mwishowe mtafiti anaongozana na mjumbe wa nyumba kumi hadi kwa mama anayepepeta mchele. Anamuuliza, mjumbe amesimama pale: utampigia nani? Wewe ungejibuje?

Utaratibu huo una mizizi mirefu, balozi wa nyumba kumi ni wa zama zilezile za jembe na nyumba. Na hatuwezi kuukwepa, bila kibali utalala kituo cha polisi. Ila namna ya kumshukuru mjumbe na kumwomba akatusubiri chini ya mwembe inafundishika, na sijaiona kwenye mtaala wowote wa mbinu za utafiti.

Nimekumbuka mwaka 2018, Sheria ya Takwimu iliporekebishwa ikawa kosa kutoa takwimu zinazopinga za serikali. Mwaka uliofuata kifungu kile kikalegezwa. Kwa muda ule mfupi, kazi ambayo idara ilianza nayo 1965, kwenda kutazama wenyewe na kusema tulichokiona, ilikuwa inaweza kumpeleka mtu mahakamani. Wekeni tarehe zote mbili kwenye orodha yenu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nina ombi moja la kazi, nimeshalizungumza na walimu wachache na hawakulikataa. Zile karatasi za Maji Maji za 1968 ziulizieni maktaba, kwenye mkusanyo wa East Africana. Nataka vijana wanaotoka kusini, likizo ndefu ijayo, kila mmoja achukue simulizi iliyokusanywa karibu na kwao, aitafsiri kwa Kiswahili cha kusomeka, aipeleke kijijini kulekule, aisome hadharani, na aandike wanachosema waliosikiliza: wapi wanakubali, wapi wanasema hapana, babu hakusema hivyo. Barua za vibali zinachukua muda, kwa hiyo majina yaanze kuandikwa leo. Na wa Liwale waombe kwenda kiangazi, maana masika ile barabara ya kutoka Nangurukuru mtaisukuma gari kwa mikono.

Haya, maswali. Tuanzie huko nyuma.