Msimamizi wa Kifungo cha Nje Asiachiwe Daftari Tu

Ndugu zangu watendaji wa mitaa, walimu wakuu na waganga wafawidhi, Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayomruhusu mhalifu atumikie kifungo cha nje kwa kufanya kazi ya umma badala ya kwenda gerezani, ipo tangu 2002, sitawasomea. Nimekuja na lilelile ninalolisema kila nikiitwa hapa Dar es Salaam: tunamkabidhi msimamizi wa taasisi anakopangiwa mhalifu daftari la mahudhurio, kisha tunamwacha.

Kijana anafika zahanati asubuhi na barua ya mahakama. Mfawidhi ana foleni ya wagonjwa, anamwelekeza kwa mlinzi. Mlinzi anamwambia, "Fyeka pale," anarudi getini. Saa nne nyasi zimekwisha, kijana amekaa chini ya mwarobaini. Kesho haji. Keshokutwa anakuja kutia saini za siku zote mbili, na mlinzi kwa huruma anampa kalamu. Mwisho wa mwezi afisa uangalizi anakuta daftari safi, anaiarifu mahakama kwamba adhabu inatumikiwa. Inatumikiwa na nani?

Upo na ubaya mwingine. Niliwahi kumkuta mtu wa kifungo cha nje akibeba matofali kwenye kiwanja cha mkubwa wa taasisi aliyopangiwa. Daftari lake nalo lilijaa saini! Hii ni kazi ya umma isiyo na malipo. Ukimpeleka kwako, unaiibia mahakama adhabu yake.

Najua wapo wanaosema moyoni, "Mhalifu apelekwe gereza la Keko, yaishe." Jamani, huyu mtu, hakimu ameshampima. Sheria inagusa vifungo visivyozidi miaka 3, hatuzungumzii majambazi. Ukimfunga, serikali itamlisha na kumlinda, mkewe anayekaanga maandazi Mbagala atabaki na watoto peke yake, na yeye atalala na waliobobea.

Kwa hiyo kabla hujampokea, sema kazi gani, saa ngapi, nani atakagua. "Fanya usafi" haikaguliki. "Zibua mtaro kuanzia geti hadi barabarani" unaikagua kwa macho, huhitaji saini ya mtu. Muulize pia ana ufundi gani. Fundi umeme anafagia majani wakati taa za wodi ya wazazi haziwaki, hilo kweli linaingia akilini? Na asipotokea, mpigie afisa uangalizi siku hiyohiyo. Kumrudisha mahakamani ni kazi ya afisa. Wewe usimzabe kofi, usimwongezee siku, usimtangaze mbele ya wanafunzi kwamba ni mwizi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, lakini la nauli siliachi. Mkazi wa Chanika asipangiwe kazi Kivukoni. Daladala ikimshinda tutamwandika mtoro, na gerezani ataingia kwa kukosa nauli. La kina mama wanaonyonyesha niulizeni kwenye maswali.