Kubadilisha Malkia Katika Mzinga wa Mfugaji Anayeanza
(Mhadhara kwa wafugaji wapya wa nyuki, Moshi)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu wafugaji wenzangu, habari za mchana.

Wengi wenu mna mzinga mmoja au miwili, ama kihambani kati ya migomba na kahawa, ama huko tambarare kwenye migunga, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: "Malkia wangu amekufa, nitampata wapi mwingine?" Mara nyingi hakuna haja ya kumtafuta popote. Kundi lenye mayai mapya hujitengenezea malkia lenyewe, na kazi kubwa ya mfugaji ni kujua kuhesabu siku.

Yai linalotoa nyuki kibarua na yai linalotoa malkia ni yai la aina moja, lililorutubishwa. Tofauti huletwa na lishe na chumba. Malkia akipotea ghafla, vibarua huchagua mabuu machanga sana, ya siku moja au mbili, wakayalisha maziwa ya nyuki kwa wingi na kuvirefusha vyumba vyao vining'inie kuelekea chini, vikiwa na umbo la ganda la karanga. Vyumba hivyo vya dharura huonekana katikati ya sega, ilhali vile vya kundi linalojiandaa kugawanyika huwa vingi na hukaa zaidi kwenye kingo za chini. Tofauti hii naisisitiza kwa sababu iliniumiza. Katika mwaka wangu wa kwanza niliviona vyumba vitano katikati ya sega, nikadhani nyuki wanataka kuondoka, nikavikata vyote kwa kisu. Malkia wa zamani alikuwa amekwisha kufa, na mayai mengine hayakuwapo. Kundi lile lilipungua wiki hadi wiki mbele ya macho yangu, na hadi leo sikati chumba cha malkia kabla sijaona yai.

Kwa hiyo jifunzeni kuliona yai. Ni jeupe, jembamba, dogo kuliko punje ya mchele, na siku ya kwanza husimama wima kwenye kitako cha kichumba. Siku ya tatu huwa limelala. Ukiona yai lililosimama, jua kwamba jana au leo malkia alikuwapo, hata kama hukumwona yeye mwenyewe. Kumsaka malkia kati ya maelfu ya nyuki wetu, ambao ni wakali na wepesi kuhama wakisumbuliwa, ni hasara tupu kwa anayeanza.

Sasa hesabu. Tangu yai litagwe hadi malkia atoke ni siku kama 16, lakini kwa kuwa vibarua huanza na buu, kwenu itakuwa siku kama 12 tangu malkia wa zamani apotee. Binti huyo hukomaa kwa takriban wiki moja, kisha huruka nje kupandwa na madume wengi hewani. Jambo la kupandwa nje ya mzinga lilithibitishwa na Mswisi François Huber, mtu kipofu aliyetegemea macho ya msaidizi wake, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1792. Baada ya safari hizo hupita siku chache kabla hajaanza kutaga. Jumla ni kama wiki nne, na katika muda huo majana yote ya mama yake, yaani watoto wa nyuki walio vyumbani, huwa yamekwisha kutoka, hivyo mfugaji akifungua hukuta masega matupu na kuingiwa na hofu. Utupu huo ni wa kawaida. Usifungue mzinga siku ambazo binti anaruka, kwani anaweza kukosa njia ya kurudi.

Kama wiki ya tano imefika na huoni kitu, chukua kiunzi, yaani fremu ya mbao inayoshika sega, chenye mayai kutoka mzinga mwingine, kipanguse nyuki wake, kiweke humo, ukikague baada ya siku nne. Wakijenga vyumba vya malkia, hawana malkia, na umewapa mbegu ya kumpata. Wasipojenga, yumo binti ambaye bado hajaanza kutaga. Ndiyo maana nawashauri muwe na mizinga miwili tangu mwanzo, hata kama mmoja ni mdogo.

Mkikuta mayai mawili au matatu katika kichumba kimoja, yamebandikwa ukutani, vibarua wameanza kutaga, na mayai yao hutoa madume tu. Kundi la namna hiyo humkataa malkia mgeni. Kwa anayeanza ni afadhali kuliunganisha na kundi lenye nguvu.

Chumba kilichokwisha kutumika nacho kina habari yake. Kikiwa na kifuniko kilichokatwa mviringo kwenye ncha, kikining'inia kama mlango, binti alitoka salama. Kikiwa kimetobolewa ubavuni, aliuawa humo ndani na mwenzake aliyetangulia.

Mzinga wa mafunzo uko nyuma ya ukumbi, chini ya mti. Tutaufungua saa 12 jioni. Tafadhali funikeni tochi zenu kwa karatasi nyekundu ya plastiki, kwa sababu nyuki hawaioni rangi hiyo, na kila mmoja atapewa nafasi ya kuinama mpaka alione yai.